Ubao wa Bei Unaokosekana Lubumbashi

Tangu franka ya Congo ilipopanda thamani ghafla katika miezi ya mwisho ya 2025, meza nyingi za masoko ya Katuba, Ruashi na Kenya (jina la mtaa, si nchi) hapa Lubumbashi, kusini mwa Congo, zimekuwa mahali pa ugomvi. Dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya franka 2,800 ilishuka chini ya 2,500 ndani ya wiki chache. Mnunuzi aliyesikia habari hiyo redioni alifika sokoni akitarajia bei ya unga, mafuta na sabuni ishuke siku ile ile. Haikushuka, au ilishuka kidogo mno. Tangu hapo maneno ni yale yale: mnunuzi humwita muuzaji mwizi, na muuzaji hujibu kwamba mzigo wake aliununua kwa "taux" (kiwango cha kubadilisha dola) ya zamani. Viongozi nao waliwataka wafanyabiashara washushe bei. Kwa maoni yangu, ugomvi huu umeshikilia mkia wa jambo na kuacha kichwa. Watu wanabishana juu ya ukubwa wa bei, wakati kilichovunjika ni uwezo wa mnunuzi kuijua bei, kipimo chake na masharti yake kabla hajatoa pesa. Uadilifu wa mfanyabiashara mdogo katika kutangaza na kuuza unaanzia hapo: kila anachomwambia mteja kiwe kitu ambacho mteja anaweza kukihakiki akiwa bado mbele ya meza, pesa yake ikiwa bado mkononi.

Tufanye hesabu kwanza, maana lawama nyingi zinatupwa bila hesabu. Chukua mama anayeleta katoni ya sabuni kutoka Kasumbalesa, mji wa mpakani na Zambia. Aliinunua kwa dola 10, na dola hizo alizipata kwa kiwango cha 2,850, yaani franka 28,500. Alikuwa akiiuza dola 12, sawa na franka 34,200. Kiwango kikashuka hadi, tuseme, 2,300. Akibaki na bei yake ya dola 12, sasa atapokea franka 27,600. Akifungua daftari lake la franka anaona hasara ya 900, na analia kwa haki. Lakini katoni inayofuata, kama bado ni dola 10, itamgharimu franka 23,000 tu, na mkononi atabakiwa na 4,600, ambazo ni dola 2 zile zile za faida aliyozoea. Tatizo ni kwamba kodi ya meza, karo ya watoto na mchango wa likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) anavilipa kwa franka, na hivyo havikushuka. Faida iliyokuwa franka 5,700 imekuwa 4,600. Hapo maisha yake yamebanwa kweli.

Sasa tuseme ameogopa hasara na kuiacha bei ilipokuwa, franka 34,200. Mwalimu anayelipwa kwa franka anaona bei haikusogea, ananung'unika tu kwamba habari njema za redio hazikumfikia. Mfanyakazi wa mgodi anayelipwa kwa dola anaona jambo lingine kabisa: 34,200 kwa kiwango cha 2,300 ni karibu dola 14.87, yaani kwake sabuni ile ile imepanda karibu robo. Bei moja, meza moja, siku moja, na wateja wawili wanaondoka na hadithi mbili tofauti zilizo za kweli zote. Katika mji unaoishi kwa sarafu mbili, neno "bei haijabadilika" halina maana mpaka useme haijabadilika kwa sarafu ipi. Ndiyo sababu nasema amri ya kushusha bei haiwezi kutibu ugonjwa huu.

Sheria namba 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018, kuhusu uhuru wa bei na ushindani, inamwachia muuzaji kupanga bei yake mwenyewe, isipokuwa katika mambo machache kama maji, umeme, mafuta ya gari na usafiri wa umma. Uhuru huo ni halali na nautetea. Lakini ushindani unaotajwa katika sheria hiyo hauwezi kuwepo ikiwa mnunuzi analazimika kuuliza meza 15 mdomo kwa mdomo na kupewa majibu yanayobadilika kulingana na viatu alivyovaa. Bei huru inahitaji bei inayoonekana.

Hoja za wanunuzi zina uzito, na moja ina uzito kuliko zote. Dola ilipokuwa ikipanda, bei zilipanda asubuhi ile ile, hata kwa mzigo ulionunuliwa mwezi mmoja kabla. Hakuna aliyesema "huu ni mzigo wa zamani, nawauzia kwa bei ya zamani". Dola iliposhuka, ndipo mzigo wa zamani ulipokumbukwa. Hapa muuzaji hana pa kujificha. Anaweza kuchagua njia yoyote kati ya mbili zilizo za haki: abadilishe bei kila mzigo mpya unapoingia, ikipanda au ikishuka, au aibadilishe kila baada ya siku alizozitangaza, kwa mfano kila Jumatatu, ikipanda au ikishuka. Asichoruhusiwa ni kutumia kanuni moja wakati wa kupanda na nyingine wakati wa kushuka. Kwa upande wao, wanaodai bei ishuke saa ile ile redio inapotangaza kiwango kipya wanamtaka muuzaji wa mahindi ya humu nchini, aliyelipa franka taslimu kwa mkulima, auze chini ya alichotoa. Akifanya hivyo mara mbili mtaji wake umekwisha, na meza yake inafungwa. Faida ya mteja hapo ni ya wiki moja.

Lakini kuna udanganyifu ambao hauna utetezi wowote, nao unafanyika katika butiki (maduka madogo) nyingi bila mtu kuuona kama udanganyifu: viwango viwili. Bidhaa imeandikwa dola 12. Mteja akilipa kwa franka anahesabiwa 2,500, yaani 30,000. Mteja akitoa noti ya dola 20, chenji ya dola 8 anarudishiwa kwa 2,200, yaani franka 17,600 badala ya 20,000. Franka 2,400 zimebaki mezani, na hizo ni asilimia 8 ya bei ya kitu chenyewe. Kwa baadhi ya wenye butiki, hii huenda ikawa faida kubwa kuliko ile waliyoipanga kwenye bidhaa. Wabadilisha-pesa barabarani nao wana viwango viwili, cha kununua na cha kuuza, lakini wao wanavisema, na mtu anaweza kwenda kwa jirani. Ndani ya butiki mteja anakijua kiwango cha pili wakati noti yake imeshaingia kwenye droo. Sharti la noti ni hivyo hivyo: kila mtu Lubumbashi anajua noti ya dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa, lakini muuzaji anayeitoa noti ya namna hiyo kama chenji, kisha kesho yake anaikataa kutoka kwa mteja yule yule, amefanya dhuluma iliyo wazi.

Dawa yake ni ubao. Kipande cha mbao au katoni ngumu chenye upana wa nusu mita kinatosha, kikielekea mteja, kwa maandishi ya kusomeka kutoka hatua tatu. Juu kabisa iandikwe tarehe. Chini yake kiwango cha siku, na kiwe kimoja kwa kupokea na kwa kurudisha. Kama muuzaji ana sababu ya kuweka viwili, aviandike vyote viwili. Kisha bei kwa franka, kipimo chake mbele yake, na bei ya jumla kama ipo: kimoja, sita, kumi na viwili. Mstari wa mwisho ni wa masharti: noti gani hazipokelewi, bidhaa gani hairudishwi, na kwa wanaolipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, nani anabeba gharama ya kutoa pesa. Hili la mwisho linaharibu uhusiano na wateja kuliko watu wanavyofikiri. Mteja anatuma kiasi alichoambiwa, halafu anapigiwa simu kwamba "haijakamilika, ongeza ya kutolea". Kiasi ni kidogo, lakini mteja amejifunza kwamba bei aliyoambiwa mwanzoni haikuwa bei.

Kinachoharibu ubao ni uvivu wa tarehe. Ubao wenye kiwango cha wiki iliyopita ni mbaya kuliko kutokuwa na ubao, kwa sababu sasa muuzaji anakana maandishi yake mwenyewe. Asiyeweza kuufuta kila asubuhi aandike bei za bidhaa anazozinunua kwa dola katika sehemu moja, zile anazozinunua kwa franka katika sehemu nyingine, ili abadilishe sehemu moja tu.

Wanaopinga ubao wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kupatana bei ndiyo desturi yetu, na bei iliyoandikwa inaua soko. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Kupatana kuna raha na kuna haki yake pale wote wawili wanapoijua bei ya kuanzia. Bei isipoandikwa, kinachofanyika ni kumpima mtu: mgeni kutoka Kolwezi, mama aliyeshuka kwenye gari, kijana asiyejua kusema kwa ukali, kila mmoja anapewa bei ya sura yake. Ubao haumkatazi mtu kupunguza. Anayetaka kumpunguzia jirani yake franka 500 bado atampunguzia, na jirani ataona wazi amepunguziwa kutoka wapi. Leo hata zawadi ya kweli haiaminiki, kwa sababu hakuna anayejua bei yenyewe ilikuwa ngapi.

Hoja ya pili ni nzito na siidharau. Wauzaji wanasema bei zikiandikwa, watoza ushuru wa kila aina watazisoma na kupiga hesabu zao. Anayejua maisha ya soko letu anajua hofu hiyo haikutoka hewani. Hata hivyo, bei inayotajwa kwa sauti mara mia kwa siku imeshajulikana na kila anayepita, pamoja na mtoza ushuru. Asichokijua ni wingi wa mzigo na mauzo ya siku, na ubao hausemi lolote juu ya hayo. Mwenye hofu bado anaweza kuanza na karatasi ndogo zilizobandikwa kwenye bidhaa yenyewe.

Kipimo kinahitaji maneno mengi zaidi, maana hapo ndipo bei inapobadilishwa bila kuguswa. Unga na mahindi vinauzwa kwa meka, yaani kopo la kupimia, na kila mpishi wa bukari (ugali) anajua kwamba meka si moja. Kuna iliyogongwa kwa nyundo ikainuka chini, kuna iliyotandikwa makaratasi au nta, kuna mkono unaoingia ndani wakati wa kuchota na vidole vikachukua nafasi ya unga. Huo ni wizi na hauhitaji uchambuzi. Kinachohitaji uchambuzi ni kwamba hata muuzaji mwaminifu anakosea bila kujua. Unga uliotoka kuchekechwa ni mwepesi. Ule uliokaa chini ya gunia umeshikana, na meka ile ile inachukua zaidi. Punje za mahindi makavu zina uzito wa gramu 700 hadi 800 kwa lita, na unga uliomwagwa bila kushindiliwa ni mwepesi kuliko hapo. Kwa hiyo anayesema "meka yangu ni kilo mbili" kwa mahindi na kwa unga, lazima kimoja kati ya hivyo viwili ni uongo.

Njia ya kusawazisha haina ugumu. Pima chombo kitupu kwenye mizani. Kijaze kwa namna unayowajazia wateja, bila kushindilia na bila kilima, kisha pitisha kijiti kilichonyooka juu ya mdomo wake. Pima tena, ondoa uzito wa chombo. Rudia mara tano, na uandike kwenye ubao uzito mdogo kabisa uliopatikana, usiandike wastani. Ukiandika wastani, karibu nusu ya wateja watapata pungufu ya ulichotangaza. Ukiandika ule mdogo, ni wachache watakaokudai, na wengi watapata ziada. Rudia zoezi hilo kila unapobadilisha kinu au aina ya unga. Usiiamini mizani bila kuijaribu: chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa ina kilo moja na nusu ya maji, pamoja na gramu chache za plastiki. Mizani ikionyesha kilo 1.3 au 1.7, hiyo ni ya kutupwa. Kwa mfuko wa unga wa kilo 25 unaotoka Zambia, anayeufungua na kuuza rejareja akumbuke kwamba sehemu ya unga hubaki kwenye mfuko na nyingine hupeperuka. Hasara hiyo iingie kwenye bei kwa uwazi, isiingie kwenye kina cha meka.

Gharama zinapopanda, asiyetaka kupunguza faida yake ana njia mbili: bei kupanda au kipimo kupungua. Wauzaji wengi wanachagua ya pili kwa sababu haipigi kelele. Naelewa kwa nini, na pengine kwa mnunuzi mwenye franka chache kipimo kidogo ni msaada. Basi kiitwe kidogo. Andika "meka ndogo" na uache kubwa pembeni yake kwa bei yake. Kinachomwumiza mama mwenye watoto sita ni kugundua jikoni, sufuria ikiwa motoni, kwamba unga wa leo haufiki ulipofika wa juzi.

Kwenye simu, mchezo ni ule ule kwa sura nyingine. Picha ya kikwembe (kitenge) kizuri inawekwa WhatsApp na chini yake maneno "bei inbox". Wauzaji wanasema wanajikinga na washindani, lakini mshindani naye ana simu na anaweza kuuliza inbox kama mteja. Anayefichwa ni mnunuzi peke yake. Tangazo la kikwembe liseme kama ni wax au ni fancy: wax ina rangi na michoro sawa pande zote mbili, fancy imechapwa upande mmoja na nyuma imefifia. Kwa hiyo piga picha mbili, mbele na nyuma. Pisi kamili ni yadi 6, karibu mita 5.5, zipo zinazouzwa kwa jina hilo zikiwa na mita 5, na fundi ndiye anayekuja kumwambia mteja ukweli. Picha iwe ya mzigo ulioko mkononi. Picha ya kuazima kutoka kwa muuzaji wa Dubai ni ahadi juu ya kitu ambacho hujakiona. Kwa kuwa status hufutika baada ya saa 24 lakini mteja huipiga picha na kuitunza, weka tarehe na "bei hii hadi siku fulani" ndani ya picha yenyewe. Ukiandika "zimebaki tatu", ziwe tatu. Ukikata bei ya zamani kwa mstari, iwe uliwahi kuuza kwa bei hiyo. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, unamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ndogo kabisa ya siku 30 zilizotangulia, na kipimo hicho kinaweza kutumiwa hata na mwenye meza moja. Namba ya mteja aliyelipa kwa simu si mali yako ya kuitupia matangazo, wala si ya kuiingiza kwenye kundi, muulize kwanza. Code du numérique, sheria ya Congo ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023, imeshaweka kanuni za biashara ya mtandaoni na taarifa za watu binafsi.

Kuna bidhaa ambazo mteja hawezi kuzihakiki mezani hata ukimwandikia kila kitu: dawa za miti, vidonge vya kunenepesha, krimu za kung'arisha ngozi. Kwa hizo, muuzaji asiyejua kilichomo ndani hana haki ya kuahidi matokeo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu huharibu figo, na hidrokinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi yasiyotoka kwa urahisi. Ushuhuda wa "mteja wetu" na picha za kabla na baada haviondoi ukweli huo.

Wengi watajibu kwamba anayesema ukweli huuza kidogo kuliko jirani yake anayedanganya. Kwa wiki ya kwanza, ni kweli. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2001, alieleza kinachofuata. Mnunuzi asipoweza kutofautisha bidhaa nzuri na mbovu, hulipa bei ya wastani kwa zote mbili. Bei hiyo ni ndogo mno kwa mwenye bidhaa nzuri, basi naye huiondoa sokoni, na kinachobaki ni kibovu. Ndivyo ilivyo kwa meka: mnunuzi aliyedanganywa mara tatu huzihesabu meka zote kuwa pungufu na kupatana kwa ukali hata na mwenye kipimo kamili. Mwaminifu analipa gharama ya udanganyifu wa wengine. Ndiyo maana hawezi kushinda kwa wema wa moyoni peke yake. Anahitaji kitu cha kuonyesha, na kitu hicho ni ubao, mizani na picha ya nyuma ya kikwembe.

Kwa wakuu wa soko na wakaguzi wa uchumi, maana yake ni kwamba nguvu inayotumika kukimbiza bei ihamishiwe kwenye vipimo na viwango viwili, mambo yanayoweza kuthibitishwa kwa dakika tano bila kubishana juu ya nani alinunua lini. Kwa wauzaji wenyewe, hakuna haja ya kungoja. Likelemba ya wauza unga kumi inaweza kutoa mchango wa mzunguko mmoja ikanunua mizani moja, ikakubaliana juu ya meka moja isiyogongwa, ikaiweka alama ya rangi nje, na kuizungusha mizani Jumatatu asubuhi kabla ya meza kufunguliwa, siku ile ile ambayo viwango kwenye mbao zao vinabadilishwa, vikipanda au vikishuka.